Samaki wa Tshangalele: je, moto huondoa sumu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa komini ya Katuba, Lubumbashi. Nanunua samaki wanaoletwa kutoka ziwa Tshangalele. Jirani yangu anasema wana sumu ya migodi, lakini nikiwachemsha sana itakwisha. Ni kweli?

JIBU: Mama, jirani yako ana sababu ya kuhofu, ila kuhusu moto amekosea. Moto huua vijidudu, lakini metali za migodi, yaani shaba, kobalti, kadimiamu na risasi, haziungui wala haziozi. Hubaki katika nyama, au sehemu yake huhamia katika mchuzi ule ule mnaochovyea bukari (ugali). Kukausha kwa moshi nako huondoa maji tu.

Ziwa hilo, lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, hupokea maji yanayotoka upande wa viwanda vya shaba vya Likasi. Metali huzama katika tope, wadudu wa topeni huzila, na samaki kama kambale, anayetafuta chakula chini, huwala wadudu hao. Shaba iliyoyeyuka majini huharibu matamvua, viungo vya samaki vya kupumulia, hata samaki akapoteza chumvi ya mwili wake. Ikiwa kidogo, humpunguzia uwezo wa kunusa, akashindwa kumtambua adui. Vifaranga vya samaki ndivyo huumia zaidi, na kwa hiyo samaki wanaweza kupungua ziwani pasipo mvuvi kuona hata mmoja akielea amekufa. Jambo hili lanisikitisha kuliko yote, kwa kuwa hasara isiyoonekana haimshtui mtu.

Kadimiamu hukaa hasa katika ini na figo, risasi katika mifupa; minofu huwa na kiasi kidogo zaidi. Basi tupa matumbo, ini, matamvua na kichwa, wala usimpe mtoto mifupa atafune. Samaki wadogo wanaoliwa wazima hawawezi kusafishwa hivyo. Zebaki, mahali ilipo, ni tofauti: hujikusanya katika minofu yenyewe, hasa ya samaki wakubwa wanaokula wenzao.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaodhurika zaidi. Sikuambii uache samaki, maana watoto wanahitaji protini yake. Badilisha mahali anapotoka, changanya na maharage na mayai, na ukiwa mjamzito uwaache kwanza wa ziwa hilo.