Paka anayekuamsha alfajiri: hamisha mlo wake, usimnyime

Msomaji mmoja wa Jinja ameniandikia kuhusu paka wake, dume wa miaka 3, anayemwamsha kila siku saa 10 na nusu alfajiri. Huanza kwa kulia mlangoni, kisha hupanda kitandani na kuvuta chandarua kwa kucha mpaka mtu ainuke. Majirani wamemshauri amfungie nje, au amnyime chakula cha jioni apate adabu. Dada yangu, usifanye hata moja kati ya hayo. Hilo la kumnyima chakula ndilo linalolea tatizo.

Hapa Uganda wengi tunafuga paka kwa ajili ya panya, na tumerithi imani kwamba paka akishiba hawindi. Si kweli. Njaa na hamu ya kuwinda ni vitu viwili tofauti: paka aliyeshiba humvizia panya na kumuua vilevile, pengine asimle tu. Anayelala na njaa ndiye anayekuja kukukwaruza, kwa sababu anajua chakula kinatoka mkononi mwako. Isitoshe, paka kwa maumbile huchangamka machweo na mapambazuko, na kwetu kwenye ikweta mapambazuko hayahami. Mjini Kampala jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 mwaka mzima. Usingoje msimu ukusaidie.

Sehemu kubwa ya mlo wake basi iende usiku. Paka mkubwa wa kilo 4 hutosheka na takribani gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu cha dukani kwa siku, ingawa ni vizuri kusoma pakiti kwa kuwa aina hutofautiana. Mpe robo asubuhi, robo alasiri, na nusu nzima saa 4 usiku, wewe ukielekea kulala. Usimwongezee, unachobadilisha ni saa.

Wengi tunawapa mukene, yaani dagaa wa ziwani, na hapa ndipo mambo huharibikia. Mukene aliyeanikwa chini huja na mchanga, kwa hiyo mwoshe mara 3 au 4 mpaka maji yatoke safi, kisha mchemshe dakika 10. Usitie chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Usimpe mbichi pia, maana baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokimaliza. Kosa kubwa zaidi ni sahani ya posho, yaani ugali, iliyomwagiwa mchuzi wa mukene. Paka ni mla nyama. Posho humjaza tumbo saa 4, na saa 10 anakuja kudai chakula chenyewe. Samaki wawe wengi, posho iwe kidogo sana au isiwepo. Maziwa yaache: paka wengi wakubwa hawameng'enyi sukari yake, wanaharisha, na paka mwenye tumbo la kuendesha hamlazi mtu.

Kabla ya mlo wa usiku, mwindishe kwa dakika 10 hadi 15. Funga manyoya ya kuku au kitambaa kwenye ncha ya kamba ya mita 1, uiburute sakafuni ikimkimbia. Wengi humsogezea paka kamba usoni, naye huchoka kuitazama, kwa sababu hakuna windo linalomfuata mwindaji. Mwache aikamate mara kadhaa, amalizie kwa kukamata, hapohapo weka chakula. Paka huwinda, hula, hujiramba, kisha hulala. Ukimchezesha bila kumlisha umeuacha mwili wake katikati ya safari hiyo. Kamba ifungie kabatini, kwani uzi ukimezwa unaweza kukata utumbo.

Kwa ile saa ya alfajiri yenyewe, tumia trei ya mayai ya karatasi. Ikate nusu, ubaki na mashimo 15. Toa kijiko kimoja cha mlo wa usiku, kitawanye kwenye mashimo 8 hivi, uyafunike kwa vipande vya gazeti vilivyofinyangwa, kisha iweke mbali na kitanda baada ya yeye kulala. Akiamka atakuwa na kazi ya kufanya bila kukuhitaji. Weka chakula kikavu peke yake. Mukene wa maji huchacha na kuita siafu. Trei ikilowa, tupa.

Sasa linalowashinda wengi. Akilia, usijibu kwa namna yoyote: usimwite jina, usimfokee, usimrushie ndala. Hata ukali ni jibu, na kumpiga humfundisha kukuogopa tu. Siku za mwanzo kelele zitazidi, kwa sababu anajaribu kwa nguvu zaidi njia iliyokuwa ikimlipa. Ukivumilia siku 5 halafu siku ya 6 ukainuka, umemfundisha kwamba dawa ni kulia saa nzima. Kwa kawaida huchukua wiki 2 au 3, na nyumba nzima lazima ikubaliane, pamoja na watoto na dada wa kazi. Mmoja akiweka sahani kimyakimya saa 11, mnaanza upya. Ukiamka, oga kwanza, chemsha chai, ndipo umlishe baada ya nusu saa, asihusishe kuinuka kwako na chakula.

Anayeishi kwenye muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, hana mlango wa kufunga. Kunja chandarua chini ya godoro pande zote 4, ugeuze kichwa ukutani, na umpe boksi lenye nguo kuukuu juu ya kabati karibu na dirisha. Panya wakikimbia darini saa hizo, ziba matundu. Usinunue sumu ya panya ya wachuuzi. Paka akimla panya aliyekula sumu anaweza kufa naye.

Wapo wasiostahili kupuuzwa. Mtoto wa paka wa chini ya miezi 6 anahitaji milo 3 au 4 kwa siku, na njaa yake ni ya kweli. Jike anayejiviringisha sakafuni, anayeinua kiuno na kulia kwa sauti ndefu ameshikwa na joto la kutaka dume. Urefu wa mchana ndio unaoongoza uzazi wa paka, na kwetu mchana ni wa takribani saa 12 daima, hivyo hali hiyo hujirudia kila wiki 2 au 3 bila msimu wa mapumziko mpaka ashike mimba. Dawa ni upasuaji wa kuondoa kizazi. Ulizia kwa daktari wa mifugo wa wilaya au kliniki ya wanyama ya Makerere.

Kwa paka wa zaidi ya miaka 10 aliyeanza kulia usiku ghafla, shuku ugonjwa. Kula sana huku anakonda huweza kuwa tezi ya shingoni au kisukari. Kunywa maji mengi, figo au kisukari. Mpimie: weka mililita 300 kwenye bakuli, na baada ya saa 24 pima yaliyobaki. Paka wa kilo 4 anayemaliza zaidi ya mililita 200 siku 3 mfululizo apelekwe kwa daktari, na vipimo hivyo viandikwe kwenye karatasi uende navyo.