Wanangu wa kidato cha kwanza, sikilizeni matroni wenu

Wiki haijaisha, nami nimeshaona yale yale ya kila mwaka. Ndoo haina jina, ufunguo umefungiwa ndani ya tranka, na mtoto anaingia bafuni peku kwa sababu kandambili zake zimeshapata mguu mwingine. Nawapenda, lakini mnanichosha!

1. Jina liandikwe ubavuni mwa ndoo kwa rangi ya mafuta. Mfuniko hubadilishwa, mpini hung'oka. Shuka na sare ziandike au zitie uzi kwenye pindo.

2. Ufunguo wa akiba niletee mimi, si rafiki uliyempata juzi kwenye basi.

3. Msiazimane taulo, nguo wala shuka, na ukiwashwa sema siku hiyo hiyo. Hapa sitaharakisha.

Nilikuwa na binti mmoja mpole, nadhifu, kitanda chake hakina mkunjo. Alianza kuvuta mikono ya sweta mpaka kwenye kucha hata jua linapochoma. Wakati wa prepu unaona ncha za vidole tu zimeshika kalamu. Nikadhani ni aibu za ugeni. Kumbe ana upele katikati ya vidole na kiunoni, anajipaka mafuta kwa siri, na usiku wa baridi analala na mwenzake shuka moja. Siku moja napita kukagua baada ya taa kuzimwa, nasikia vitanda vinalia kona nzima. Watoto wanajikuna usingizini.

Upele si uchafu. Unaletwa na kidudu kisichoonekana kwa urahisi, kinachochimba chini ya ngozi, na huwasha zaidi usiku. Anayeupata mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa huku tayari anaambukiza wengine. Ndiyo maana dawa hupakwa na wote waliolala karibu, siku moja, kuanzia shingoni mpaka nyayoni, chini ya kucha pia. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko siku kadhaa, kwani kidudu kikikosa mwili wa mtu hakimalizi siku nyingi. Wakatokea wajanja wawili: “Mimi siwashwi, matroni.” Hawakupaka. Tukarudia bweni zima.

Yule binti vidonda vilikuwa vimetunga usaha. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alisema aliogopa kutajwa paredini. Hilo liliniuma kuliko kazi yote ya kufua. Viranja, nanyi nawaambia: mkimcheka mgonjwa mmoja, wenzake kumi watajificha. Kwangu hakuna atakayeitwa mbele kwa ajili ya ngozi yake. Gonga mlango wangu hata saa nane usiku, tutakwenda zahanati pamoja. Na baada ya dawa, mwasho ukiendelea wiki mbili tatu usijipake kila siku kwa hasira. Rudi kwa nesi akuangalie.

4. Chota maji jioni, ufunike. Asubuhi foleni ya bomba haimwonei mtu huruma.

5. Taa zikizimwa, lala. Mtu wa umri wenu anahitaji saa 8 hadi 10, na hizo ratiba yetu inazibana tayari. Mnaosoma kwa tochi ndani ya blanketi ndio haohao ninaowakuta wamelalia daftari kipindi cha pili.

6. Mshumaa, hita ya kuchemshia maji na waya wa kuunga havina nafasi bwenini. Nikivikuta navichukua, na mzazi atavifuata mwenyewe. Godoro la sponji likishika moto, moshi wake hukuzidi nguvu kabla hujajua uende wapi. Kwa hiyo leo, kabla ya kengele ya kulala, kila mmoja atoke kitandani kwake atembee mpaka mlango wa pili, ule wa nyuma. Ukikuta tranka la mtu njiani, lisogeze ukutani. Ukikuta mlango umefungwa kwa kufuli, njoo uniite mara moja, hata kama nasali.