Mashine ya sukari kutoa 7.2 kisha 8.1, na maabara 7.6

Pole kwa wasiwasi kuhusu mashine yako ya kupima sukari ya damu kutoa 7.2 kisha 8.1 huku maabara ikitoa 7.6, ila hapo mashine yako haijakosea. ISO 15197 ya 2013, kanuni ya kimataifa ya usahihi wa mashine hizi, inataka angalau 95% ya majibu yasipishane na maabara kwa zaidi ya 15% sukari ikiwa 5.55 mmol/L (kipimo cha sukari ya damu) au zaidi; chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83. Kwa 7.6 ya maabara, chochote kati ya takriban 6.5 na 8.7 kinakubalika.

Ukitaka kulinganisha tena, pima ukiwa hujala, dakika chache tu kabla au baada ya kutolewa damu ya maabara. Baada ya chakula, damu ya kidole huwa na sukari nyingi kuliko ya mshipa. Sampuli ya maabara ikikaa muda mrefu bila seli za damu kutenganishwa na maji ya damu, sukari yake hushuka, na hapo lawama huiangukia mashine bure.

Kinachoharibu majibu mara nyingi ni mikono michafu. Mabaki ya tunda kidoleni hupandisha namba sana, kwa hiyo nawa kwa sabuni na ukaushe kabisa. Angalia pia tarehe ya mwisho ya stripu (vijiti vya kupimia), na kopo lake lifungwe mara moja, maana unyevu huziharibu. Upungufu wa damu nao unaweza kupandisha namba, mwambie daktari kama unao.

Ukitetemeka na kutokwa jasho huku mashine ikionyesha namba nzuri, amini mwili: nawa, rudia kupima, na ukishindwa kupima haraka, kunywa gramu 15 za sukari. Usibadilishe dozi ya insulini kwa namba unayoitilia shaka.