Re: Ripoti ya baba ina "CD8 nyingi" na "PD-L1 CPS 20", ndiyo basi?

Pole sana dadangu. La, ripoti hiyo ya saratani ya mdomo haisemi kuwa siku za mzee zimehesabika.

CD8 ni seli, askari wa kinga ya mwili. Wagonjwa wa saratani ya mdomo ambao uvimbe wao umejaa askari hao huishi muda mrefu zaidi, kwa wastani. Wastani haumtabirii mtu mmoja. PD-L1 ni protini ambayo saratani huitumia kuwazima askari hao, na CPS ni alama ya wingi wake. Hiyo 20 si asilimia ya kufa: huonyesha kama dawa za kuamsha kinga ya mwili, mfano pembrolizumab, zina nafasi ya kumfaa. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa hiyo peke yake kama tiba ya kwanza kwa saratani iliyorudi au kusambaa, CPS kuanzia 1. Bei yake ni moto, kwa hivyo ulizeni SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) inalipia nini kabla hamjauza kiwanja.

Nilipomuuguza mjomba, daktari alishughulika zaidi na mengine: uvimbe umezama milimita ngapi? Tezi za shingo zimeguswa? Yaulizeni hayo pale Makadara, hospitali kuu ya Mombasa, kitengo cha saratani, na mbebe ripoti yenyewe, si picha ya simu.

Akipangiwa mionzi, amwone daktari wa meno kwanza. Tambuu, popoo na sigara aache leo, hata akinuna.

Akitoka damu isiyokatika, au akishindwa kumeza mate au kupumua, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni kwenye dharura hata usiku.