Matumizi ya kitenzi "borrow"

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba mwalimu alikukosoa kwa kuandika "borrow me your pen", nawe huoni kosa liko wapi. Chanzo ni Kiswahili chetu: "kuazima" hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea pia, ilhali Kiingereza hutenganisha kazi hizo, "borrow" ikiwa ya anayepokea na "lend" ya anayetoa. Andika basi "lend me your pen" au, kwa adabu zaidi, "may I borrow your pen?", na ukimtaja mwenye kitu tumia "from", kamwe si "to".

Aidha, "borrow" hubeba maana ya kukopa, kwa hiyo hutumika kwa kitabu cha maktaba utakachokirudisha chenyewe na kwa fedha za benki utakazozilipa kwa noti nyingine, tofauti ambayo Kiswahili huichunga lakini Kiingereza hakiijali. Wakati uliopita ni "borrowed" na "lent".

Ikiwa unatia saini mkataba wa mkopo ulioandikwa kwa Kiingereza, usitegemee kamusi peke yake. Mwombe mwanasheria ausome, kwa kuwa kuvichanganya vitenzi hivi humgeuza mdai kuwa mdaiwa.