Vijana wa laini za umeme, fida kushika (laini kuwaka bila kukatika) hakumaanishi laini ni salama

Juzi nimemsikia kijana kwenye redio ya kazini anaiomba kontroo (chumba cha kuongozea umeme) imrudishie fida ya 33, yaani laini ya kilovolti 33, mara ya tatu, mara zote rilei (kifaa kinachogundua hitilafu na kukata laini) imesema athi folti (umeme unavujia ardhini) na hakuna aliyetembea laini kuikagua. Wadogo zangu nawapenda ndo maana nafoka.

1. Soma rilei kabla hujariseti, piga na picha. Athi folti peke yake usiisake kama overkarenti (umeme kupita kiasi).

2. Gawanya laini. Fungua linki (viungio vya kukatia laini) za katikati, washa nusu ya kwanza, ikishika ujue tatizo liko mbele. Ila kikombe (kile kinachoshikilia waya kwenye nguzo umeme usivuje) chenye ufa kinaweza kupita megga (kipimo cha uvujaji) vizuri kabisa saa saba mchana jua linawaka, rudi alfajiri na umande ndo kitakuonyesha rangi zake.

3. Simu ya mwananchi. Hapa nikae kidogo.

Mwaka wangu wa pili kazini, zamu ya usiku, mzee mmoja akapiga, "mwanangu, waya umeanguka shambani kwangu unatoa cheche". Nikaangalia paneli, ampea za kawaida, alamu hakuna, nikamjibu mzee fida imeshika, huo utakuwa waya wa simu, tutapita asubuhi. Nikaendelea na chai yangu.

Asubuhi tukakuta waya wa 33 umelala kwenye mchanga mkavu, bado una umeme, na ng'ombe wawili wamekufa. Rilei yetu ilikuwa imesetiwa ampea 40 na mchanga ule ulikuwa unapitisha chache tu, sasa ingeonaje? Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, umeme wa ardhini unapandia huku unashukia kule. Mzee alikesha na tochi njiani anawarudisha watu, maana watoto hupita hapo kwenda kisimani. Hakunitukana. Alisema tu, "nilikupigia". Mpaka leo simu ya zamu ikilia usiku naisikia sauti ile.

Kwa hiyo ukiambiwa waya uko chini, zima kwanza, halafu ndo uende. Hata ile rilei nyeti ya athi folti haikamati kila kitu.

4. Mpigaji mwambie wakae mita 10 au zaidi, na aliye karibu aondoke kwa kuburuza miguu, asipige hatua ndefu.

Kijana wa redioni, kesho nitafute kabla ya zamu, tukaitembee hiyo laini pamoja.