Mjanja Wako Anataka Nini Ambacho Ujanja Hauwezi Kumpa?

Wiki iliyopita skripti yangu ilikubaliwa. Sehemu nane, msimu mzima, na mhusika mkuu ni tapeli. Siku mbili baadaye nikapokea ujumbe wa msomaji: "Nina mhusika mjanja kweli kweli, lakini kila ninayempa asome anaishia sehemu ya pili. Nakosea wapi?" Ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi miaka minne iliyopita. Ninamjibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi wenu mna mjanja wenu amelala ndani ya kompyuta, anasubiri kuonekana kwenye runinga.

Wangu wa kwanza nilimpenda kupita kiasi. Sehemu ya kwanza alijifanya daktari, ya pili wakili, ya tatu mgane anayelilia mali ya marehemu mkewe. Miezi minane nilikuwa namtafutia mbinu tu. Nilijifunza jinsi tapeli anavyomwomba mtu msaada mdogo kwanza ili ule mkubwa usimshtue. Kila sehemu iliisha jamaa anaondoka na pesa, waliomfukuza wameduwaa. Nikaipeleka, ikarudi. Nikaipeleka kwingine, ikarudi tena, bila hata neno moja.

Mara ya tatu niliitwa. Watu wanne mezani. Mmoja akasema hadithi za Sungura ni za watoto, watazamaji wa leo wameshakua. Wenzake wawili wakacheka. Kicheko kile bado kinaniuma, sitadanganya. Wa nne, mama mtu mzima ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza: "Huyu anataka nini ambacho ujanja hauwezi kumpa?" Nikazungumza dakika kumi nzima kuhusu mbinu zake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga faili. "Ukishajua, mwanangu, rudi."

Nilikaa na hasira karibu mwaka. Kisha nikaanza kuwatazama upya wajanja niliowapenda, safari hii kalamu mkononi.

Nilianza na Jimmy McGill, wakili mjanja wa tamthilia ya Kimarekani Better Call Saul. Nilikuwa namkumbuka kwa mbinu. Kwenye msimu wa pili anakesha akichezea hati za Chuck, kaka yake: anwani yenye namba 1216 inageuka 1261, kaka anaaibika mbele ya mteja mkubwa, mteja anahama. Mara ya kwanza nilishangilia. Mara ya pili nikaona kwamba Jimmy anachotaka ni kaka yake amtambue kuwa wakili wa kweli, na kila hila anayofanya inampa Chuck sababu nyingine ya kumkatalia. Kwenye msimu wa tatu, uliotoka mwaka 2017, wako mbele ya jopo la nidhamu la mawakili. Chuck anaamini umeme unamdhuru mwili, na Jimmy ameshapanga betri itumbukizwe mfukoni mwake bila yeye kujua. Chuck anaumbuka, anaropoka, Jimmy anapona. Msimu haujaisha, Chuck amejiua. Hapo ndipo nilipozima runinga nikakaa kimya.

Na mwisho wake, mwaka 2022, ndio somo zima. Jimmy ameshawazungusha waendesha mashtaka mpaka wamekubali kifungo cha miaka saba hivi. Ameshinda. Halafu anasimama mahakamani, Kim, aliyekuwa mkewe, yumo ndani, anakiri kila kitu na anapewa miaka 86. Hakuna aliyemzidi akili. Alitaka mwanamke mmoja amwone alivyo, na kwa hilo ilibidi aache ujanja.

Assane Diop, mwizi mjanja wa tamthilia ya Kifaransa Lupin, ni vivyo hivyo. Anaingia Louvre, jumba la makumbusho la Paris, kuiba mkufu, amevaa sare za msafishaji kwa sababu anajua wakubwa hawamtazami msafishaji usoni. Mkufu anaupata. Baba yake, aliyesingiziwa wizi wa mkufu huohuo akafia gerezani, hampati.

Kuhusu Loki, yule mungu mjanja, achaneni kidogo na yule wa runinga, mrudieni wa kale, wa simulizi za Skandinavia. Akiwa mafichoni, anawakimbia miungu wenzake, alisuka wavu. Aliposikia wanakuja akautupa motoni, akajigeuza samaki, akazama mtoni. Miungu wakaona alama za wavu kwenye majivu, wakasuka mwingine kama ule, wakamvua nao. Wahenga wetu walishasema: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Sasa nirudi kwa yule aliyecheka. Hakuisikiliza vizuri hadithi ya kisima. Wanyama wamekataza Sungura asinywe maji, wameweka mlinzi. Sungura anakuja na asali, anamwonjesha mlinzi, anamwambia ukitaka zaidi kubali nikufunge kamba. Wakubwa wote wanafungwa. Anayemnasa ni Kobe, kajipaka ulimbo mgongoni, katulia ndani ya maji, hasemi neno. Kobe hakutaka asali. Ujanja hushika penye tamaa, na kwa Kobe Sungura hakuwa na pa kushika. Eti hadithi ya watoto! Humo mna kila kitu nilichokosa kwa miaka mitatu.

Basi ndugu msomaji uliyeniandikia, tafuta kitu ambacho mhusika wako hawezi kukipata kwa hila. Kisha mtafutie Kobe wake, mtu mmoja asiyetaka asali. Mbinu punguza. Mimi nilizifuta kumi na moja, na nililia kwa baadhi yake. Narudia, tafuta kitu hicho kwanza, kabla ya mihuri bandia na majina ya uongo. Tunapenda mno kuonekana tuna akili, sisi waandishi, tunamfanya mjanja awe kioo chetu, ndiyo maana hatumwachi ashindwe. Mwache ashindwe. Mwache ashindwe mapema, mbele ya yule anayemjali.

Tapeli wangu sasa ana binti. Kwenye sehemu ya tatu anampigia simu usiku, anamwambia anaumwa, aje. Safari hii ni kweli anaumwa. Binti anasikiliza mpaka mwisho, anamwambia, "Hii umeigiza vizuri, baba," anakata simu. Niliipeleka kwa yule mama mwezi uliopita. Alisoma ukurasa huo mmoja tu mbele yangu, akauliza sehemu zilizobaki ziko wapi.